Motokaa za Zamani: Kupunguza Ili Kuhifadhi

Tutazungumza juu ya watu wapendao motokaa za zamani: yule anayenunua Volkswagen ya mgongo wa mviringo, Peugeot 404 au Land Rover ya kale, akaitengeneza mwenyewe siku za mapumziko.

Kazi hii ni njema, kwani hufundisha ufundi na subira. Lakini ina hatari moja. Motokaa huongezeka, nafasi na wakati haviongezeki. Ya kwanza hununuliwa kwa mapenzi, ya pili kwa sababu bei ilikuwa nafuu, ya tatu ili itoe spea. Baada ya miaka michache ua umejaa vyuma, watoto hawana pa kuchezea, na hakuna hata moja iendayo. Basi, afanyeje mtu huyu ili asizipoteze zote?

KWA NINI MOTOKAA ILIYOSIMAMA HUHARIBIKA

Wengi husema, "Iache tu hapo, haili kitu." Sivyo. Motokaa iliyosimama huliwa polepole.

Betri hupungua nguvu yenyewe, na joto huzidisha upungufu huo. Ikikaa bila chaji, sahani zake za risasi hufunikwa na ukoko mgumu, na mwisho haishiki chaji tena. Petroli nayo huchakaa: sehemu iliyo nyepesi huruka, na ile inayobaki hugeuka utomvu unaoziba vitundu vidogo vya kabureta. Mafuta ya breki huvuta unyevu wa hewani, na ule unyevu hutia kutu ndani ya mabomba. Tairi zikibeba uzito mahali pamoja hupata ubapa na nyufa. Panya nao hupenda kutafuna nyaya. Na kwa wakazi wa pwani, hewa ya bahari huleta chumvi, nayo huharakisha kutu.

Kwa hiyo, mwenye motokaa tatu asizoziendesha hajahifadhi motokaa tatu. Anazitazama zikifa pamoja. Wazee wetu walisema, mtaka yote hukosa yote.

PIMA NAFASI, HESABU SAA

Chukua futi ya kupimia. Volkswagen ile ina urefu wa mita 4 na kidogo. Peugeot 404 hukaribia mita 4 na nusu. Ongeza nafasi ya kufungua milango na ya fundi kulala chini. Utaona kuwa banda la mita 3 kwa 6 hutosha motokaa moja tu. Nyingine italala mvuani.

Sasa hesabu wakati wako. Tuseme una saa 3 kila Jumapili, yaani saa 12 kwa mwezi. Toa harusi, misiba, na safari za kwenda kuwaona wazazi. Labda zitabaki saa 6. Ikiwa kila motokaa yahitaji saa 4 kwa mwezi, tatu zahitaji saa 12. Hesabu imekataa, hata moyo ukikubali. Andika hesabu hii katika karatasi, kisha kaa na bibi au bwana wako muitazame pamoja, maana ua ni wa nyumba nzima, na ada ya shule hutoka katika mfuko ule ule unaonunua spea.

IPI IBAKI?

Usiichague kwa jina lake kubwa. Ni kweli Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Lakini sifa hiyo haizibi tundu la kutu katika sakafu ya 404 yako.

Tazama kwanza bodi na fremu. Injini iliyochoka yaweza kufunguliwa na kutengenezwa upya, lakini bodi iliyooza hudai kukatwa na kuchomelewa kwa majuma mengi. Ingia chini na bisibisi, ugonge na kudunga. Jihadhari na Land Rover: bodi yake ni ya alumini, haioti kutu kama chuma, na kwa hiyo yaweza kuonekana nzima huku fremu ya chuma iliyo chini imekwisha.

Pili, tazama spea. Volkswagen ile iliendelea kutengenezwa mpaka mwaka 2003, huko Mexico, na jumla yake ilipita milioni 21. Kwa hiyo spea zake si adimu sana. Tena injini yake hupozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuvuja.

Tatu, jiulize: ni ipi ninayoweza kuiendesha mwezi huu? Hiyo ndiyo ya kubaki.

KUZIACHA NYINGINE

Uza mapema, maana kila masika yapitayo hupunguza bei. Mwambie mnunuzi kasoro zote. Spea za motokaa iliyouzwa ziende pamoja nayo, wala usibaki na rundo. Na usitoe motokaa kwa maneno matupu: hakikisha umiliki umehamishwa kwa sheria, Tanzania kwa TRA na Kenya kwa NTSA, ili makosa ya barabarani ya mtu mwingine yasije mlangoni kwako.

Kama moyo hauwezi kuuza, mnaweza kumiliki motokaa moja watu wawili, mkagawana gharama na kazi, kwa mkataba ulioandikwa. Au msaidie rafiki kutengeneza yake. Ufundi wako haupungui kwa kuwa motokaa si yako.

KUITUNZA ILIYOBAKI

Iendeshe mara mbili kwa mwezi, yapata kilomita 20, mpaka injini ipate moto kabisa. Kuiwasha dakika tano na kuizima hakufai: petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji, na injini isiyopata moto wa kutosha huuacha mvuke huo ndani ya oili na bomba la moshi.

Ukisafiri kwa muda mrefu, fungua waya wa betri, jaza upepo katika tairi, na ufunike motokaa kwa kitambaa kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki hufungia unyevu ndani. Ukiinyanyua, tumia stendi za chuma zilizo imara; matofali hupasuka ghafula, na watu hufa chini ya motokaa kwa sababu hiyo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Kwa nini kuwasha injini dakika tano hakutoshi?
2. Mtu ana saa 8 kwa mwezi na motokaa tatu, kila moja yahitaji saa 4. Mpeni shauri.
3. Ni kitu gani katika nyumba yenu kinachoharibika kwa kuwekwa tu?