Karatasi Si Kitu cha Kutupa

Mmekwisha kuhesabu karatasi zilizo ndani ya nyumba yenu? Iko Biblia, kaye za watoto, cheti cha ndoa, diplome ya Serikali, karatasi ya parsele. Mchimba zahabu wa Mongbwalu anaombwa kadi yake. Akikosa, ni shida. Maisha ya mtu yanabebwa na vitu vyembamba namna hii!

Hapa Ituri tulijifunza jambo hilo kwa machozi. Katika vita vya 1999 hadi 2003 nyumba nyingi zilichomwa, na karatasi zikateketea pamoja nazo. Mtu anarudi kwenye parsele yake, anakuta mwingine ndani, naye hana kitu cha kuonyesha.

Yeremia alipata akili kabla yetu. Aliponunua shamba la Anathothi, adui akiwa amezunguka Yerusalema, barua zake ziliwekwa ndani ya chombo cha udongo ili zidumu. Nawe funga za kwako ndani ya plastiki, uziweke mahali unapoweza kuzikamata mbio. Mtoto akizaliwa, mwandikishe Serikalini ndani ya siku 90. Sheria ya 2009 inasema ni bure.

Lakini karatasi ina bei nyingine, ile hatuioni butikini. Wachina wa zamani waliitengeneza kwa maganda ya miti, vitambaa vilivyochakaa na nyavu za samaki. Siku hizi inatoka zaidi katika miti. Mti unakatwa vipande, unapikwa na dawa kali, unaoshwa kwa maji mengi. Pakiti moja ya karatasi 500 za biro inapima kilo 2 na nusu; kuitoa katika mti mpya kunaomba karibu kilo 5 za mti mkavu.

Tuseme kweli: msitu wetu wa Ituri haumalizwi na karatasi. Unamalizwa na makala, mbao, mashamba na mashimo ya zahabu. Bei ya karatasi wanalipa wengine. Kule Webuye, Kenya, kiwanda kikubwa cha karatasi kilianza mwaka wa 1974. Kililisha jamaa nyingi. Lakini harufu yake ilisumbua mji, watu walilalamika kwamba mabati yao yanaliwa na kutu, na maji machafu yaliingia mto Nzoia, unaokwenda ziwa Victoria. Mwaka wa 2009 kilifungwa, na kazi zikaisha.

Basi, tuache kuandika? Hapana! Kijana, andika pande zote mbili. Usipasue kaye ili kuchezea. Ile iliyojaa, mpe mama anayeuza karanga afungie, kuliko plastiki zinazoziba mifereji. Na baba anayechoma makala, apande miti mahali alipokata.

Jumamosi hii jamaa yote ikae pamoja, mtafute karatasi zenu na kuzifunga vizuri. Mkikuta mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, anzeni na huyo.