Je, Wajua? Ukuta wa Mtoni Unaweza Kuhamisha Mmomonyoko

Ukuta wa saruji unaolinda barabara kandokando ya mto haupunguzi nguvu ya maji. Uso wake laini huyaongezea kasi, nayo huchimba ukingo usiolindwa ulio mbele, mto unakoelekea. Miti ya ukingoni ikikatwa ili kujenga ukuta, kivuli hupotea, maji hupata joto na samaki hukosa pa kutagia.

Kwa wakazi wa mtaa wa Makomeno na jiji zima la Lubumbashi, jambo hili ni zito. Mto Lubumbashi huingia Mto Kafubu, nao Kafubu huingia Mto Luapula. Udongo unaomomonyoka unaweza kusafirisha shaba na kobalti, mabaki ya uyeyushaji wa madini ulioanza mwaka 1911.

Nyasi za vetiva, zenye mizizi inayoweza kufika mita 3, hushika udongo bila kuua uhai wa ukingoni. Hata tunapolinda ukingo kwa mawe, tupande na nyasi pia.