Kaanguka mwembeni? Shingo haivutwi!

Wiki hii stori za mapenzi kaa nazo pembeni. Kuna kitu kimenikaba rohoni.

Ilikuwa Jumapili jioni huku kwetu Mazimbu, Morogoro, jirani na kampasi ya SUA ambayo hadi 1992 ilikuwa shule ya wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini. Embe zimeiva, madogo wako juu ya miti kama ngedere. Mara puu! Dogo wa miaka saba kaja chini, kichwa mbele.

Watu wakajaa. Huyu kamnyanyua makwapani, yule kamvuta kichwa, eti anamnyoosha shingo. Akapakiwa kwenye bodaboda, kabanwa katikati ya watu wawili. Miguu niliibeba mimi. Yaani mpaka leo naona aibu.

Hospitali akapigwa eksirei, mifupa yote mizima. Mama mtu akashukuru Mungu, wakarudi nyumbani. Usiku dogo akalia: "Mama, mikono inawaka moto, miguu siisikii."

Hapo ndipo wengi tunapopotea. Eksirei, aliyoigundua Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895, ni fundi wa mifupa. Lakini ndani ya pingili za shingo inapita kamba ya mishipa ya fahamu, na hiyo eksirei haiioni. Mtoto mdogo kichwa chake ni kikubwa ukilinganisha na mwili, na shingo yake inavutika kama mpira. Pingili zinaweza kuvutika zikarudi mahali pake bila kuvunjika, kumbe kamba ya ndani imeshaumia. Dalili nazo zinaweza kuchelewa saa kadhaa, hata siku.

Kinachoiona kamba hiyo ni MRI. Mashine hii inatumia sumaku, haina mionzi, ila mtoto lazima atulie tuli, ndiyo maana wadogo wengine hupewa dawa ya usingizi. Siti skani inaona mfupa vizuri kuliko eksirei, lakini mionzi yake ni mingi, na mwili wa mtoto unadhurika nayo kirahisi kuliko wetu. Kwa hiyo mzazi, usimng'ang'anize daktari apige kila picha. Kazi yako ni kumweleza kila kitu: ganzi, mikono kuwaka, miguu kulegea, hata kama imetokea dakika mbili ikapita.

Yule dogo alirudishwa alfajiri, akavishwa kola ya shingo na kupewa rufaa ya Dar, karibu kilomita 190. MRI ikaonyesha kamba imevimba. Leo anatembea, tunamshukuru Mungu, ila mkono wa kushoto bado mzito. Je, ni mwembe uliomuumiza, au ni sisi tuliomvuta? Hakuna anayejua, na hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Basi tukubaliane. Mtoto akianguka, mwache alale alivyo. Mmoja amshikilie kichwa kisitikisike, wengine watafute ubao na gari la kumlaza. Mkimgeuza, mgeuzeni wote kwa pamoja, kichwa na mwili vikienda sawa. Bodaboda iacheni ibebe maembe.

Haya, tuonane wiki ijayo!