Sakafu ya simenti, mbali na malori

Kuna mchezo ambao mtoto anasimama juu ya ubao wenye magurudumu manne madogo, anausukuma kwa mguu mmoja na kuteleza. Kwenye udongo wetu mwekundu hauwezekani: kokoto moja inatosha kumwangusha. Unataka sakafu laini ya simenti, yenye miteremko.

Sakafu hizo haziko Ulaya tu. Mjini Kampala, katika mtaa wa Kitintale, vijana walijenga yao kwa mikono yao mwaka 2006. Nairobi, mtaani Kangemi, nyingine ilijengwa mwaka 2013 kwenye makao ya watoto ya Shangilia. Hata mbali kisiwani Jamaika, watu wa Bull Bay walipata yao mwaka 2020.

Na wasichana je? Kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, mwaka 2021, Momiji Nishiya wa Japani alipata medali ya dhahabu katika mchezo huu, naye alikuwa na miaka 13 tu.

Hapa Sakania watoto wetu wanacheza kando ya barabara, malori ya mpakani yakipita. Tuanze na kidogo: kipande cha kiwanja mbali na barabara, mifuko ya simenti, mafundi wa mtaa, na kofia ngumu za kulinda vichwa. Siku kitakapokuwa tayari, tusimwachie binti ndoo na vyombo huku kaka yake akienda kucheza. Naye apate saa yake.