Shibe Hutoka Wapi? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliiacha njaa tumboni, mahali ambapo wengi wetu tunaamini ndiko kwao. Hata wanasayansi waliamini hivyo. Mwaka 1912 huko Harvard, Marekani, Washburn, mwanafunzi wa Profesa Walter Cannon, alijizoeza kumeza mrija wenye kipira nchani. Kipira kikishafika tumboni kilijazwa hewa, na mrija ukaendesha kalamu iliyochora juu ya karatasi. Washburn alikaa na kitufe mkononi. Njaa ikimuuma, anabonyeza. Na kila alipobonyeza, kalamu ilikuwa imeshapanda: tumbo limejikaza. Cannon akaona amepata jawabu.

Alipata nusu yake. Wagonjwa waliokatwa mfuko wote wa chakula waliendelea kusikia njaa. Tumbo, basi, ni mjumbe tu. Anayeamua yuko kichwani, katika sehemu ndogo ya ubongo iitwayo haipothalamasi, na wajumbe wanaomwendea ni wengi.

Mmoja ni grelini, homoni iliyogunduliwa Japani mwaka 1999 na Masayasu Kojima na Kenji Kangawa. Hutengenezwa zaidi tumboni, na hupanda kabla ya saa tuliyozoea kula. Aliyewahi kufunga Ramadhani analijua jambo hili kwa mwili wake: siku za mwanzo, saa saba mchana tumbo linanguruma, na harufu ya vitunguu vinavyokaangiwa watoto inamtesa, ikifika alasiri njaa imelegea, ingawa hajatia kitu kinywani. Saa ya chakula cha mchana imepita, na grelini imeshuka nayo.

Shibe nayo ina wajumbe wake, ila wao ni wazito wa mwendo. Chakula kikiingia utumbo mwembamba, hasa chenye mafuta na protini, kuta za utumbo hutoa homoni zinazoamsha neva ya vagasi, na neva hiyo hupeleka habari ubongoni. Hayo yote huchukua dakika kadhaa. Mtu aliyemaliza uji, kaimati na bakuli la mihogo ya nazi kabla adhana haijapoa masikioni, bado hajaletewa habari. Anaongeza, na robo saa baadaye hawezi kuinuka mkekani.

Hao ni wajumbe wa mlo mmoja. Yuko mwingine wa miezi na miaka: leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake mjini New York. Hutolewa na mafuta ya mwili yenyewe, kuuambia ubongo kwamba akiba ipo.

Hapa naomba msomaji atulie, maana hapa ndipo neno “mlafi” linaponiuma. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja waliozaliwa bila leptini. Mkubwa wao alikuwa na umri wa miaka 8 na uzito wa kilo 86. Mtoto huyo hakukosa adabu wala hakudekezwa. Ubongo wake uliamini, mchana na usiku, kwamba anakufa njaa. Alipoanza kudungwa leptini kila siku, hamu ya chakula ilishuka, na baada ya mwaka alikuwa amepungua kilo 16.

Wanene walio wengi hawako hivyo. Leptini wanayo tele, ila ubongo hauisikii. Kwa nini hauisikii, ndiyo habari ya wiki ijayo.