Haki ya Mzimamoto Aumiapo Kazini

Nyumba ishikapo moto, watu hutoka mbio, bali mzimamoto huingia. Je, akipata kilema humo, jamaa zake watakula nini? Nchini Kenya jibu limo katika Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hiyo humlinda mzimamoto na mhudumu wa gari la wagonjwa, awe ameajiriwa na Serikali au na kampuni. Yeye aliyeumia hata hawezi tena kazi yoyote maisha yake yote hustahili fidia ya mapato ya miezi 96. Lakini yampasa kumwarifu mwajiri, kwa mdomo au kwa maandishi, na kudai fidia kabla ya miezi 12 kupita. Anyamazaye aweza kuipoteza haki yake.