Jua la kaskazi na kitendawili cha chewa wanaotoweka

KILA mwaka, kati ya Desemba na Machi, wavuvi wadogo wa Likoni, Kisauni na Changamwe hukabiliwa na jambo linalofanana na kejeli ya maumbile. Bahari hutulia, mawimbi ya kusi yaliyowafungia ufuoni kwa miezi kadhaa huwa yamekwisha, na hata mtumbwi mdogo huweza kuvuka mwamba bila hofu kubwa. Ndio msimu unaotegemewa kulipa karo ya Januari na madeni yaliyolimbikizwa tangu Juni. Lakini ndio pia msimu ambapo mshipi uliotupwa mahali palepale palipotoa chewa mwezi Oktoba huweza kukaa majini tangu saa tatu asubuhi hadi adhuhuri bila kuguswa.

Wapo wanaokata tamaa na kusema samaki wamekwisha. Ni kweli kwamba samaki wa mwambani wamepungua kwa miaka mingi, lakini upungufu huo hauwezi kueleza kwa nini mvuvi yuleyule, aliyerudi mikono mitupu mchana, hupata chewa watatu alfajiri ya siku ya pili. Samaki hajahama pwani. Joto limembadilishia saa za kula na mahali pa kujificha, na anayeendelea kumtafuta kwa ratiba ya miezi ya baridi hupoteza chambo na mafuta ya injini bure.

Chanzo cha yote ni maji yenyewe. Mwezi Agosti, maji ya juu ya bahari ya Mombasa huwa na takriban nyuzijoto 25 za Selsiasi. Kufikia Machi hupanda hadi 29, na pengine 30. Pepo za kusi huvuma kwa nguvu na kuyakoroga maji, ya juu yakachanganyika na ya chini. Kaskazi ni upepo mpole zaidi. Maji ya juu huachwa yakaungua juani huku yale ya kilindini yakibaki na ubaridi wake.

Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshindwa kushikilia hewa. Maji ya bahari yenye nyuzijoto 30 hubeba oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 8 kuliko yenye nyuzijoto 25. Wakati huohuo mwili wa samaki, ambao hauna joto lake na hufuata lile la maji, hufanya kazi kwa kasi zaidi na kuhitaji hewa zaidi. Basi samaki hujikuta mahitaji yamepanda na akiba imeshuka.

Chewa huumbuliwa na hali hiyo kuliko kolekole au nguru, ambao huogelea mchana kutwa na huweza kuhama maili kadhaa kufuata maji yanayowafaa. Chewa ni mvizia. Hukaa katika pango lake, akasubiri kaa, pweza au samaki mdogo apite, kisha hufungua kinywa ghafla na kumfyonza pamoja na maji. Ukali huo wa mara moja hugharimu nguvu nyingi. Katika maji ya moto yenye hewa haba, chewa hupunguza mawindo ya mchana, akaingia ndani zaidi ya pango au akashuka chini ya mwamba. Chambo kinachoning'inia mita mbili mbali naye hakimshawishi.

Wavuvi wa starehe wa Marekani wamegundua mambo yayo hayo kwa samaki wao mashuhuri, bass, ambaye Wakenya humfahamu kupitia Ziwa Naivasha alikopandikizwa katika miaka ya 1920. Huko pia, jua la kiangazi likipamba moto, samaki hutafutwa kabla ya macheo, baada ya machweo, kivulini au kwenye kina. Tofauti ni kwamba bass wa ziwani hana bamvua wala maji mafu, na kwa mvuvi wa Mombasa hapo ndipo siri ilipo.

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na hori mbili. Ya kaskazini, Tudor, huitenganisha Kisauni na kisiwa na kuingia ndani hadi Jomvu. Ya kusini hupita Likoni na Mtongwe kisha kupanuka kuwa Port Reitz, upande wa Changamwe. Mito inayomwagika humo, kama Kombeni na Mwache, ni ya msimu, na wakati wa kaskazi mara nyingi huwa mikavu. Maji ya ndani ya hori, yaliyo machache kina juu ya matope, hupata joto na chumvi zaidi kuliko ya baharini. Usiku nao hauponyi kila kitu, kwa kuwa mimea ya majini huacha kutoa oksijeni gizani na viumbe vya matopeni huendelea kuitumia. Ndiyo maana alfajiri ya Februari, ndani kabisa ya mikoko, huenda pasiwe mahali pazuri hata kama hewa ya nje ni baridi. Chewa wakubwa husogea kwenye midomo ya hori, kwenye mikondo na makorongo yenye kina. Jina la Kilindini lenyewe linasema maji ya hapo yalivyo.

Sasa tazama mwendo wa maji. Mombasa, siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hujaa yapata saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, yakapwa yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Maana yake ni kwamba maji yanayotoka katika hori huwa na kasi kubwa zaidi karibu saa moja asubuhi na saa moja jioni, yaani saa zilezile ambazo jua halijapata au limepoteza makali yake. Maji hayo hutoka na kamba, mkizi wachanga na dagaa waliokuwa wamejisitiri katika mikoko. Chewa aliyelala mchana kutwa huwangojea mlangoni. Hakuna saa nyingine katika mwezi ambapo ubaridi, mkondo na chakula hukutana vizuri hivyo.

Kwenye ufuo wa Bamburi, Nyali na Shelly hesabu ni nyingine. Siku hizohizo za bamvua, maji hupwa jua likiwa linapanda, na ukanda ulio kati ya pwani na mwamba hubaki na maji ya magotini yanayochemka. Kuvua humo saa tano asubuhi ni kujichosha. Lakini kuanzia yapata saa saba, maji yakiwa yanaendelea kujaa, maji mapya na baridi zaidi huingia kutoka nje kupitia milango ya mwamba. Anayetia nanga kando ya mlango wakati huo huweza kupata chewa mchana wa jua kali. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu na hori zikiwa zimetuama, wenye vyombo vinavyofaa hupendelea kwenda nje ya mwamba na kuteremsha chubwi hadi chini.

Kaskazi ina taabu nyingine ambayo haitajwi sana: maji huwa maangavu. Uzi mnene ambao chewa hakuuona katika maji ya kusi huonekana waziwazi. Ndiyo sababu wazee hupunguza unene wa mshipi karibu na ndoana, au huvua usiku wa kiza. Chambo hai, kama mkizi mdogo au kamba, hushinda nyama iliyolala, ila ndoo ya chambo iliyoachwa juani huua vyote katika muda mfupi. Maji yake yabadilishwe mara kwa mara na ifunikwe kwa gunia bichi. Na anayevua usiku karibu na kivuko cha Likoni hana budi kuwa na taa inayoonekana, kwa kuwa nahodha wa feri au meli hawezi kuuona mtumbwi uliozimwa taa.

Mvuvi naye ni kiumbe wa joto hilohilo. Mwaka 2025 mfungo wa Ramadhani uliangukia Machi, mwezi wenye jua kali kuliko yote, na kwa aliyefunga, safari ya baada ya futari au kabla ya daku ilikuwa na busara kuliko kushinda baharini bila tone la maji. Kizunguzungu juu ya ngalawa si jambo dogo.

Kuna sababu ya kutomwandama chewa popote anapopatikana kwa wingi. Kusini ya Likoni, katika pwani ya Kwale, watafiti wamethibitisha kwamba baadhi ya aina za chewa, pamoja na tafi, hukusanyika kutaga mayai katika miezi ya kaskazi. Aina nyingi za chewa huanza maisha wakiwa majike na kugeuka madume wakishakuwa wakubwa. Kundi likivuliwa wakubwa wote kwa msimu mmoja, hubaki majike yasiyo na madume wa kutosha. Juya la kukokota, lililopigwa marufuku nchini mwaka 2001, huharibu upande wa pili kwa kukusanya wachanga. Hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986 mbele ya Nyali na Bamburi, bado hunung'unikiwa na wavuvi waliopoteza maeneo yao ya jadi, na manung'uniko hayo yana msingi. Hata hivyo, samaki wakubwa waliomo hawakai ndani ya maboya, na mvuvi wa nje hufaidika.

Joto likipita kiasi huliharibu pango lenyewe. Mwaka 1998 bahari ya Kenya ilipata moto usio wa kawaida kwa sababu ya El Nino, matumbawe yakapauka na sehemu kubwa ikafa. Upaukaji ulirejea mwaka 2016, na Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba ulikuwa umeenea duniani kote kwa mara ya nne. Mwamba uliokufa huporomoka polepole, na chewa asiye na pango hana pa kuvizia.

Hatimaye kuna saa zinazofuata baada ya samaki kupatikana, ambazo huwapokonya wavuvi wengi faida yao. Chewa aliyeachwa juu ya mbao za mtumbwi katika nyuzijoto 32 huanza kuharibika kabla ya kufika bandarini. Jodari, nguru na vibua ni hatari zaidi: wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza ndani ya nyama sumu iitwayo histamini, ambayo haiondolewi kwa kukaangwa wala kuchemshwa, na mlaji hupata wekundu usoni, maumivu ya kichwa na kutapika. Kipimo kinachopendekezwa katika nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Kwa asiyeweza kuimudu yote, kumtoa samaki matumbo mara moja, kumsuuza kwa maji safi ya bahari na kumfunika kwa gunia bichi kivulini humpa muda wa kumfikia mama karanga akiwa na macho maangavu na matamvua mekundu. Mama karanga huyo hutazama matamvua kwanza, kisha ndipo hutaja bei.